Upepo wa Mchana Hupanda

Hamburg, Ujerumani
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Na bibi kama yupo hapo jikoni, shikamoo yake pia. Hamjambo wote? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, ila baridi imeanza na jua tunaliona kwa kubahatisha.

Mama, najua Manka ameweka majani mawili ya isale hapo mezani kabla ya kukusomea, maana nilimwagiza dada yangu hivyo kwenye kikaratasi cha pembeni. Najua pia unajiuliza ni nani kamkosea nani mpaka isale la kuombea msamaha likatwe. Vumilia kidogo. Nawe Manka, nakujua, ukifika mahali pabaya unaruka. Leo usiruke hata neno.

Barua yenu ilinifikia wiki iliyopita. Manka anasema unakohoa mwezi wa pili sasa, na ukiulizwa unajibu ni vumbi tu. Anasema kahawa yetu imekataliwa kwenye chama cha ushirika kwa sababu inanuka moshi. Halafu akanieleza habari za mkutano wa kijiji. Kwamba jirani yetu Mama Aika, mliyekata naye majani ya ng'ombe tangu mlipoolewa, alisimama akasema moshi wa kiwanda cha chokaa unatumaliza. Nawe ukainuka ukamjibu, "Mwanangu ndiye aliyepima moshi huo kwa kompyuta huko Ulaya. Wewe moshi umeusomea wapi?" Watu wakacheka, Mama Aika akakaa chini. Tangu siku hiyo hamsalimiani.

Mama, Mama Aika alisema kweli. Aliyekosea ni mimi.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Tunachukua urefu wa bomba la kiwanda, wingi wa moshi unaotoka, kasi ya upepo na unakoelekea. Tunaviingiza kwenye kanuni za hesabu, kisha kompyuta inachora ramani: hapa moshi utashuka mwingi, pale kidogo, kule hautafika. Ni kazi nzuri, siikani. Lakini kanuni niliyotumia imetungwa kwa ajili ya nchi tambarare, na upepo niliouingiza ni wa kule chini kwenye kiwanja cha ndege, maana ndiko nilikopata vipimo. Basi ramani yangu ikaupeleka moshi wote porini, kusikokaa mtu.

Profesa wangu aliniuliza mapema kabisa, "Je, hapo pana mlima karibu?" Ningesema upo karibu, ningelazimika kuanza upya na kanuni nyingine, mwaka mzima tena. Nilikuwa nimechoka, mama, na nilitaka kumaliza niitwe daktari. Nikamjibu, "Upo, ila uko mbali." Mimi! Mtoto wa Kirua, niliyezaliwa mgongoni mwa mlima, nikasema Kilimanjaro uko mbali. Petro alikana mara tatu, mimi mara moja ilitosha.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua. Unakumbuka siku niliyochoma majani makavu ya migomba saa sita mchana, na kahawa yako iko kwenye kichanja inakauka? Ulinizaba kofi nikaona nyota. Ukasema, "Wewe mtoto huna akili? Upepo wa mchana hupanda, wa jioni hushuka! Taka zinachomwa jioni!" Kwetu kila mtoto anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Kiwanda kiko bondeni chini yetu, tanuri linawashwa mchana. Hata mtoto wa darasa la kwanza angekwambia moshi utapanda kwa nani.

Nilipomaliza kuisoma barua yenu nilirudia hesabu yote, safari hii nikauweka mlima na ule upepo wako wa mchana. Ramani ilipotoka, rangi nyekundu ilikuwa imepanda na korongo, ikapita shuleni, ikaja kutulia juu ya kihamba chetu, juu ya migomba na kahawa yetu. Nikaweka kidole pale ilipo nyumba. Nililia, mama, mtu mzima mimi, mbele ya Wajerumani.

Na ripoti yenye ile ramani ya kwanza niliipeleka wilayani mwenyewe, kwa mbwembwe, nilipokuja likizo. Mwenye kiwanda akaipokea kwa mikono miwili, na Manka anasema sasa anaomba kibali cha tanuri la pili kwa karatasi yangu hiyohiyo. Jana nimeposta barua ya wilayani kuwaambia ripoti ile si sahihi, isitumike, na kwa nini. Nimeitanguliza makusudi, ili nikikuandikia wewe nisiweze tena kurudi nyuma. Profesa naye nimemwambia. Alivua miwani, kisha akasema suala la udaktari lisubiri. Huenda nikarudi mikono mitupu. Mlinichinjia mbuzi siku ya kuniaga, nami nimewalipa moshi.

Nakuomba uende hospitali wiki hii, na ukifika huko usiwaambie ni vumbi. Waambie ni moshi. Na mkutano ukiitishwa tena, tafadhali mama, usinitetee. Sema mwanangu alikosea, ameandika kwa mkono wake mwenyewe.

Nisalimie bibi, mwambie kiti chake cha jikoni nakiona hata nikiwa darasani. Nisalimie katekista aliyenifundisha kujumlisha kwa punje za kahawa. Sijui atasema nini akisikia. Shangazi wa Chekereni naye, mwambie wali wa huku hauna harufu.

Sasa yale majani. Yamekatwa mpakani, pale marehemu baba alipopanda masale kati yetu na akina Mama Aika. Moja ni la kwake. Lipeleke leo hii, mama, kabla jua halijazama, umwambie limetoka kwangu. Hatalikataa, isale halikataliwi. La pili ni lako. Nalo mila inakulazimisha ulipokee, na hilo ndilo linaloniuma, kukuomba msamaha kwa kitu usichoweza kukikataa. Kwa hiyo lako usilishike. Liache hapo mezani mpaka nije. Likikauka, nitakata jingine kwa mkono wangu.

Mimi mwanao,
Aloyce