Boti ya Hamisi Inasubiri Dole Gumba Lako

Mabawa, Tanga
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na unakula. Rehema aliniambia kwenye simu kwamba unakunywa chai kavu halafu unasema umeshiba. Nimemwambia asikubali jibu hilo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Watoto wa Hamisi wamerudi shule. Wifi Mize yuko ndani na eda yake, anasali, anapika, akisemeshwa anajibu. Mimi naenda kazini. Redioni wameniondoa kwenye habari za alfajiri wakanipa zile za mchana, nadhani kwa kunihurumia, na sikuwakatalia.

Kwenye bahasha kuna karatasi nyingine yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa wetu. Ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Usiweke dole gumba kabla ya kusomewa barua hii yote. Rehema, msomee bibi yako taratibu, na usiruke mstari.

Jambo lenyewe ni boti.

Unaijua kwa picha tu. Ni ile nyeupe yenye turubai la bluu, ambayo Hamisi alisimama juu yake na miwani ya jua, wewe ukasema amekonda. Ni ya faiba, inakaa watu wanane na nahodha. Hamisi alikuwa anawapeleka watu kwenye fungu la mchanga huko nje ya bandari, wanaogelea, wanachomewa pweza, jioni anawarudisha. Mara nyingine aliitwa mpaka Mkwaja kuchukua wageni wa hoteli. Alikuwa akisema katika kazi zote alizowahi kufanya, hii ndiyo pekee ambayo wateja hufika wakiwa wameshaanza kucheka.

Baada ya mazishi, Salimu, baharia wake, alikuja kumwomba Mize ruhusa awapeleke wageni waliokuwa wameahidiwa tangu zamani. Mize akamwambia nenda. Wakati wa kurudi wakasimamishwa na boti ya doria. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, kizima moto kilikuwepo. Wakaomba cheti. Salimu akakitoa chini ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni, mahali Hamisi alipozoea kukiweka. Kilikuwa halali na hakijaisha muda. Ila jina la mwenye chombo lilikuwa Akbar, na aina ya chombo imeandikwa ya starehe ya familia. Wageni walishushwa salama. Boti ikafungwa mnyororo kwenye gati la mamlaka ya vyombo vya majini, na hadi leo ipo pale.

Nilikwenda ofisini kwao. Anayeshughulika na vyombo vidogo ni Bwana Mhina, Mbondei wa Muheza. Aliposikia natoka Kigoma akafurahi kidogo.

"Watu wa njia ya reli ninyi watani zangu," akasema. "Kwa hiyo sikuzungushi. Marehemu kaka yako alikuwa anabeba abiria kwa cheti cha pikniki."

"Nimekiona."

"Na boti si yake."

"Ni yake. Aliuziwa na Mzee Akbar."

"Kwenye daftari langu hakuuziwa na mtu."

Hapo lazima nikueleze, mama, kwa sababu wewe ulipelekewa picha tu bila maelezo. Mzee Akbar ni Mhindi, Mwislamu, ana duka la rangi na mabomba mjini. Hata babu yake alizaliwa hapa hapa Tanga. Boti alikuwa ameinunua ili atembee na familia siku za Jumapili. Familia ilipoichoka akamuuzia Hamisi. Waliuziana kwenye baraza ya msikiti, baada ya swala ya Ijumaa. Mmoja akasema nimekuuzia, mwingine akasema nimenunua, wakapeana mikono mbele ya mashahidi wawili, wakaomba dua, ufunguo ukabadilisha mfuko. Hamisi alilipa yote. Kwa dini biashara ilikuwa imetimia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewaza kwenda kuiambia serikali. Kila mwaka cheti kilipokaribia kwisha, mamlaka ilimkumbusha Mzee Akbar, Mzee Akbar akampigia Hamisi, Hamisi akaenda kukihuisha kwa jina la Mzee Akbar. Wote wawili waliona wametii sheria.

Bwana Mhina aliposikia haya akavua miwani.

"Ninyi watu! Mnauziana boti kama mnaozeshana? Tena hata ndoa siku hizi ina cheti."

Nikamfuata Mzee Akbar dukani. Sikuwa na wasiwasi naye, lakini nimefanya kazi hii ya habari muda mrefu, nimeona watu wema wakibadilika mwenzao akishazikwa. Yeye hakubadilika. Aliacha mteja na kopo la rangi mkononi.

"Nilinunua kwa ajili ya wajukuu," akasema. "Wajukuu wakapenda simu. Boti ya Hamisi hiyo, nani anabisha? Niletee huyo anayebisha."

Hakukuwa na wa kumletea. Akafunga duka tukaenda wote ofisini.

Bwana Mhina akafurahi kumwona. Akatueleza kwamba mambo ni mepesi kuliko nilivyodhani. Kwenye daftari boti ni ya Mzee Akbar, na Mzee Akbar yuko hai, amekaa hapa. Basi amuuzie mjane leo. Fomu moja, saini mbili, mkaguzi apime chombo, anakili namba ya injini, na wiki ijayo mnyororo unafunguliwa. Hakuna mahakama, hakuna mirathi, hakuna barua ya kwenda mbali.

"Hata sasa hivi," akasema Mzee Akbar. "Lete kalamu."

Niliisoma ile fomu. Ilikuwa sahihi kila mahali, isipokuwa haikuwa na kitu hata kimoja kilichotokea. Nilikuwa nimechoka, mama. Nikasema twende nyumbani Mize akatie saini.

Mize hawezi kutoka. Mjomba wake, Mzee Faki, amevuka kutoka Pemba kuja kusimamia eda, na anaisimamia kwelikweli. Hata muuza maziwa hapiti mlangoni. Kwa hiyo Bwana Mhina na Mzee Akbar walikaa barazani, mimi kizingitini, Mize nyuma ya pazia. Mzee Faki akauliza mtu huyu wa serikali anataka nini kwa mwanamke aliye edani.

"Saini tu, mzee," akasema Bwana Mhina.

"Na maneno?"

"Maneno baki nayo. Mimi nina haja na saini."

Mzee Akbar alicheka mpaka akakohoa. Nikampitishia Mize fomu chini ya pazia. Akaisoma mstari kwa mstari. Kisha akasema kwa sauti iliyofika barazani:

"Wifi, hapa imeandikwa mie nimenunua boti leo kwa Mzee Akbar."

"Ndiyo."

"Mie nimenunua nini? Niko ndani, hata ufagio sijanunua. Na Hamisi yuko wapi humu?"

Nikamwambia Hamisi hayumo. Nikamweleza kwamba njia hii ni fupi, kwamba boti ikitoka mapema Salimu ataanza kazi, na watoto watakula.

"Hamisi alinunua boti," akasema. "Akaikarabati, akaipaka rangi mwenyewe. Mkiandika hivi, wanangu wakikua wataambiwa baba yao alikuwa dereva wa boti ya Mhindi. Samahani, Mzee Akbar."

"Hujakosea, mwanangu," akasema Mzee Akbar.

"Mie sitii saini. Andikeni jina lake kwanza. Mkishaliandika, ndio mniulize mengine."

Nilimtazama Mzee Faki. Nilijua atamgombeza kwa kupaza sauti mbele ya wanaume. Badala yake akamgeukia Bwana Mhina.

"Yakhe, na haki ya mama mzazi wa marehemu iko wapi katika karatasi yenu? Mie sikuvuka bahari kuja kula haki ya mama wa mtu."

Bwana Mhina akasema marehemu hasajili chombo. Mzee Akbar akasema marehemu alinunua akiwa hai, basi iandikwe siku aliyonunua. Bwana Mhina akauliza kama kuna mashahidi.

"Mmoja imamu. Mwingine anauza baiskeli Pongwe. Wote wawili wanapumua," akasema Mzee Akbar.

"Basi waende kwa wakili wakaape, na wewe uape. Lakini baada ya hapo kuna mahakama ya mwanzo, kuna kikao cha familia, kuna msimamizi wa mirathi, na kila mrithi aridhie. Warithi ni nani?"

Mzee Faki ndiye aliyejibu. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Mama mzazi ana sudusi, moja ya sita. Baba mzazi alishatangulia, kwa hiyo kinachobaki ni cha watoto.

"Huyo mama yuko wapi?"

"Ujiji," nikasema.

"Ujiji! Si ndiko reli inakoishia?"

"Ujiji si mbinguni," akasema Mzee Faki.

Mashahidi wakaapa. Muuza baiskeli alikumbuka mpaka rangi ya kanzu aliyovaa Hamisi siku ile, wakili akamwambia rangi haihitajiki. Mamlaka nao hawakuchelewa, wakapima boti pale pale gatini. Mkaguzi akaita vipimo, mimi nikamshikia mwisho wa utepe. Cheti kipya, mirathi ikiisha, kitakuwa cha kubeba abiria, si cha pikniki tena, na Salimu itabidi aende kozi ya unahodha. Ameshakubali, ingawa anasema hajawahi kukaa darasani akafaulu.

Juzi Bwana Mhina aliniita. Ameiweka kando ile fomu ya mauzo yasiyofanyika, ameandika yaliyofanyika. Akaligeuza daftari upande wangu nihakiki. Mmiliki wa kwanza ni Akbar. Chini yake, kwa tarehe ya ile Ijumaa ya msikitini, ni Hamisi Rajabu wa Mabawa, Tanga. Pembeni, kwa kalamu nyingine, limeandikwa neno marehemu. Nilisoma kama ninavyosoma habari kabla ya kuingia hewani, nikitafuta kosa. Sikuliona. Akaniuliza uhusiano wangu na mwenye chombo, nikasema dada, nikatia saini.

Sasa karatasi iliyomo kwenye bahasha. Inasema mambo mawili. La kwanza, unaridhia mimi niwe msimamizi wa mirathi ya Hamisi. Familia ya huku imekubali, lakini bila wewe kikao hakijakamilika. La pili, unataja unataka sudusi yako ifanyweje. Unaweza kubaki nayo, ukawa mwenye sehemu ya boti, na jina lako likaingia kwenye daftari pamoja na la Mize na majina ya watoto. Unaweza kuwapa wajukuu. Unaweza kutaka ununuliwe. Usiniulize mimi lipi bora. Mize ameniagiza nikuandikie kwamba lolote utakaloamua hatanuna, na kwamba usiwape watoto kwa sababu ya kumwonea yeye huruma. Hayo ni maneno yake, sikuongeza kitu.

Nimeacha nafasi wazi. Rehema aandike utakalosema, kisha uweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa wenu, naye agonge muhuri.

Umeniuliza mara mbili kuhusu kaburi. Lipo sawa. Mvua ilipopita udongo ulititia upande wa kichwani, Salimu na wenzake wakaongeza. Najua ulitaka tukusubiri. Hali ya hewa ya huku haisubiri mtu wa kutoka Ujiji, na masheikh walisema azikwe siku ile ile. Ukija nitakupeleka. Ni mwendo mfupi kutoka nyumbani, goti litaweza.

Pia umeuliza kama nimelia. Bado. Nalala vizuri, nakula, nasoma habari bila kukosea. Mtangazaji mwenzangu aliniambia nasoma vizuri kuliko zamani.

Nisalimie Baba Mdogo Juma, mwambie redio yake nimeshapata fundi wa kuitengeneza lakini vipuri havijapatikana. Msalimie Shangazi Tatu na umwambie dua alizosoma zimefika. Rehema nampongeza kwa mtihani, na namwambia tena asikubali habari ya chai kavu. Mize anakuamkia, shikamoo. Watoto wanamwamkia bibi yao ambaye hawajamwona. Mzee Faki naye anakusalimu kwa heshima, anasema amekusemea bila kukujua.

Neno la mwisho, mama. Bwana Mhina amenieleza kwamba hadi karatasi yako irudi na mahakama imalize, daftari halitabadilika. Boti ni ya Hamisi. Mtu yeyote akienda leo pale ofisini akauliza, ataambiwa mwenyewe ni Hamisi Rajabu wa Mabawa. Karatasi yako ikifika, atatolewa. Mize ana haraka kwa sababu ya watoto, na haraka yake ni ya haki, kwa hiyo usiicheleweshe. Lakini ukikaa nayo siku mbili tatu chini ya mto kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, hakuna atakayekuuliza huku. Mimi nitawaambia basi limechelewa.

Mwanao,
Zainabu