Mke Asiyejibu Meseji

Dada mpendwa,

Mama amerudi salama kutoka kwako, magoti tu yanamsumbua.

Ile hadithi yangu ya meseji za mke na mume imetoka gazetini leo. Mhariri alitaka mume aandike "Uko wapi? Piga picha nione" kila saa, na mke ajibu kwa mabusu, eti ndiyo mapenzi. Nikakataa katakata. Nikamwambia namjua aliyeishi hivyo miaka sita. Akachapa nilivyoandika: mke hajibu, anafunga mizigo.

Meseji ulizonionyesha sikugusa hata moja. Hizo ni zako.

Mama anasema siku hizi simu yako ikiita, unamaliza kwanza kushona upindo. Hilo naomba ruhusa niliandike.

Mdogo wako,
Kidomodomo