Wa Kusimama Kwenye Mwanga

Jumatatu, 12 Mei

Orodha ya waigizaji imebandikwa mlangoni. Nimeisoma mara tatu, nikidhani labda macho yangu yana wazimu. Hayana. Muuza Chakula — Pei-tzu. Si mimi. Jina langu liko chini kabisa, baada ya watu wa mapazia, baada hata ya mpiga pasi wa mavazi. Hui-lan: wa kusimama kwenye mwanga.

Yaani siku ya kupanga taa, kaka Tung-hao, fundi wetu wa taa, akiwa juu ya ngazi anageuza hii na ile, lazima mtu asimame pale atakaposimama Pei-tzu, ili waone kama mwanga unamfika usoni. Mtu huyo ndiye mimi. Hasemi. Haigizi. Anasimama. Mimi na Pei-tzu tunalingana kimo — ndiyo sifa yangu yote!

Nilimfuata Mwalimu Kuo koridoni, nikamuuliza nilikosea wapi. Akapuliza chai yake kwanza. Akasema katika mwaka wenu wote hakuna anayejua pa kusimama kama wewe. Ila siku ya majaribio nilikutazama dakika nne nzima, na wewe sikukuona.

Hakuniona! Dakika nne nalia machozi ya kweli mbele ya pua yake!

Bwenini Pei-tzu alinikumbatia, akalia yeye. Eti anaona haya. Nikamwambia aache ujinga, anastahili. Na kweli anastahili. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumanne, 13 Mei

Baba alipiga simu. Nilikuwa nimemwahidi habari, kwa hiyo nisingeweza kumkwepa. Nyuma yake, karakanani, pikipiki ya mteja ilikuwa inanguruma, ikabidi apige kelele. Umeipata ile nafasi? Nikasema nimeipata, Baba.

Sijui ilitokaje. Niliusikia mdomo wangu ukisema, kama redio ya jirani.

Pikipiki ikazimwa. Halafu akasema, haya, vizuri. Na kabla hajakata simu nikamsikia akimwambia mteja: binti yangu kapata, kule Taipei, nafasi ya kwanza kabisa. Baba yangu huyu, ambaye hatoi maneno kumi kwa siku! Nikashindwa kuurudisha uongo wangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina wiki nne kasoro siku tatu.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi saa tano mfululizo. Nakaa pembeni na skripti, naandika nafasi: muuza chakula anasimama hapa, anageuka pale, anashusha kapu lake ukingoni mwa jukwaa la stesheni, anangoja treni ya mumewe, treni inakuja bila mume. Nafasi kumi na tisa. Nazijua zote. Nayajua na maneno yote, ya kwake na ya wenzake.

Leo Pei-tzu alisahau mstari. Nikaona vichwa vyote vinanigeukia — kumbe nimeshausema. Kwa sauti! Mwalimu Kuo akasema asante, Hui-lan, lakini tuna mtu wa kukumbusha. Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikihisi masikio yanawaka moto.

Natamani. Mungu wangu, natamani mpaka nahisi njaa. Nikimwona Pei-tzu anaweka mguu ndani ya duara la mwanga, mguu wangu nao unajikunja kiatuni. Sina hasira naye. Nataka tu nafasi yake, kiatu chake, kapu lake, na zile sekunde mbili kabla hajasema neno la kwanza, ukumbi mzima ukiwa umeshika pumzi. Zile mbili tu. Maneno abaki nayo yeye.

Jumamosi, 24 Mei

Baba tena. Atakuja tarehe saba, siku ya onyesho. Amekwisha mwambia shangazi anayekaa Sanchong, hapa jirani na Taipei, na shangazi amewaambia majirani zake wawili. Nikasema viti ni vichache, Baba. Akasema nitakaa hata ngazini. Hajawahi kuingia ukumbi wa maigizo maisha yake yote. Aliniuliza kama mtu huvua viatu mlangoni.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu ya Mashua za Joka. Bweni tupu, Pei-tzu kaenda kwao. Kifurushi kimefika kutoka nyumbani: wali wa kufungwa kwa majani ya mianzi, vifungu thelathini. Baba kakibandika karatasi, kaandika kwa kalamu ya kuandikia risiti: "Na waigizaji wenzako."

Vinafumuka. Baba hajui kufunga. Uzi unalegea, wali unatoka pembeni. Vya mama vilikuwa vigumu kama ngumi ya mtoto, ungeweza kuvirusha ukutani. Mwaka wa sita huu hayupo duniani, na kila mwaka Baba anafunga hivyo hivyo vibaya na hataki msaada. Nilikula vinne nikiwa nimesimama dirishani. Mama, nimekukumbuka. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 2 Juni

Tumehamia ukumbini. Kazi ya kubeba tu. Kaka Tung-hao kaweka juu ya mashine ya taa pakiti yake ya vitafunio vya mahindi, ile ya kijani, kama hirizi, ili mashine iwe na adabu isigome. Lazima iwe ya kijani, lazima iwe haijapitwa na tarehe, na ole wake atakayeifungua kabla ya onyesho kwisha! Mwaka jana mtu alikula, taa zikazimika jukwaani katikati ya tukio la harusi. Ndivyo anavyosema. Mnene, mpole, mwaka wa nne, na kwa jambo hilo hana mzaha hata chembe.

Mimi kanipa jina: Mlingoti. Eti, Mlingoti, Alhamisi usile sana, utasimama siku nzima. Wote sasa wananiita Mlingoti.

Alhamisi, 5 Juni

Lazima niandike yote.

Tulianza saa nne asubuhi. Ukumbi giza, mimi peke yangu jukwaani na kapu lililojazwa magazeti. Nafasi ya kwanza: dakika kumi na tano nimesimama huku kaka Tung-hao akibishana na taa. Sauti yake inatoka gizani kwenye spika: songa kushoto. Nusu hatua. Rudi. Inua uso. Usisogee! Nafasi ya pili. Ya tatu. Giza, mwanga, giza.

Mara ya kwanza nilijitahidi kuigiza. Nilikuwa nakunja uso, navuta pumzi. Kufika nafasi ya sita nilichoka. Kufika ya tisa — pale ambapo treni imekwisha pita na yeye bado anatazama reli — miguu ilikuwa inaniuma na sikuwa nafikiri lolote. Mwanga ule ni wa rangi ya chai. Unapasha joto shavu moja tu. Nikatamani usizimwe. Ndilo wazo pekee nililokuwa nalo, niachwe hapo.

Saa tisa na nusu tukamaliza ya kumi na tisa. Kaka Tung-hao akasema, Mlingoti, pumzika. Ndipo nikasikia makofi.

Mtu mmoja. Safu ya mwisho. Anapiga polepole, kama anayekung'uta mikono.

Baba! Na shati lake la maziko na harusi, na wavu wa mananasi matatu magotini!

Jirani yetu wa lori la mananasi alikuwa anapandisha mzigo Taipei, tiketi za treni za wikendi zilikuwa zimekwisha, basi akapanda lori, siku mbili kabla. Mlinzi wa getini kamruhusu kwa sababu alisema yeye ni baba wa mwigizaji mkuu. Kaingia taratibu, kavua viatu, kakaa. Tangu nafasi ya nne.

Nikashuka jukwaani. Baba akawaamkia wote mmoja mmoja, akainama, akasema mnitunzie binti yangu. Kwenye mitambo akaona ile pakiti ya kijani, akainyoshea mkono — alikuwa hajala tangu alfajiri, maskini — na watu saba wakapiga ukelele: "Mzee, usiguse!" Akaurudisha mkono kama kashika pasi ya moto. "Samahani, wanangu. Nilidhani ni ya wageni." Wakafa kwa kicheko. Akawapa mananasi, na kaka Tung-hao nusura ambusu, maana kwa sadaka ya kufungulia jukwaa hatukuwa na tunda hata moja.

Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kumwambia.

Tulikaa nje kwenye ngazi. Alivaa viatu vyake taratibu. Nikangoja aniulize yale mambo yalikuwa nini. Akasema:

"Nilidhani maigizo yana maneno mengi."

"Mengine yanayo, Baba."

"Afadhali lenu. Maneno mengi yananichosha." Akafunga kamba. "Lakini yule jamaa wa gizani! Songa, rudi, usisogee! Mtu anangoja zake kwa amani, naye anamtesa tu. Nilimchukia. Nilitaka kuinuka nimwambie, bwana wee, mwache."

"Baba —"

"Umeonewa sana mle ndani." Hakucheka. Alikuwa anasema kweli.

Kisha akafunga kamba ya kiatu cha pili. Akasema enzi zile anachimba handaki kaskazini, akirudi mara moja kwa mwezi, mama alikuwa akitoka na kusimama mlangoni pa karakana tangu mchana. Hapungi mkono. Hatabasamu. Kashika kiwiko chake kimoja hivi, kama anajizuia asiende popote. Na Baba akishuka kwenye basi akimwona hivyo alikuwa anakaa kwanza nyuma ya mti wa barabarani, amtazame kidogo zaidi.

"Hakuna aliyekufundisha," akasema. "Ulikuwa mdogo mno, huwezi kukumbuka. Lakini mle ndani, ile taa ya rangi ya chai ilipowaka, nikamwona. Nikasema moyoni, yupo. Miaka sita sijamwona, hata ndotoni haji."

Sikujua kama nilishika kiwiko. Naapa sikujua.

Ulimi ulikuwa tayari. Baba, lile si onyesho. Baba, mimi ni mlingoti tu, nimewekwa pale kwa sababu ya kimo changu. Nilifungua kabisa mdomo. Akatoa kitambaa, akajifuta pua, akasema Jumamosi nitaliona tena, na shangazi yako aone. Nikaufunga.

Usiku bwenini nimemweleza Pei-tzu yote. Kaniambia, akichomoa pini za nywele ili asinitazame: Jumamosi nitatoka mimi pale, nitafungua mdomo, na baba yako atajua papo hapo, mbele ya shangazi na majirani wawili. Mwambie kesho. Usimwache alisikie kutoka kwangu.

Ana haki. Nimemjibu vibaya, halafu nimemwomba radhi.

Nimeonwa. Hatimaye mtu kaniona, na kaniona nikiwa si kitu. Niufanyeje moyo huu? Kila nikifunga macho narudi nafasi ya tisa.

Ijumaa, 6 Juni

Duka la tambi, chini ya kilima, karibu na stesheni. Mchana. Naandika mezani.

Nimekuja kumwambia Baba. Nimejipa mpaka bakuli lake liishe. Anakula taratibu, anaongea — anaongea! Tangu jana ni kama mtu aliyetolewa gundi mdomoni. Mama mwenye duka kaja kujaza chai, kauliza tu mgeni anatoka wapi, basi, kaifungulia mvua. Kutoka Taitung. Kwa lori. Huyu binti yangu. Mwigizaji. Onyesho kesho.

"Anaigiza nini?"

"Mama mmoja anayengoja, hana maneno," Baba akasema, kama hilo linatosha.

"Mh. Kungoja tu? Hata mimi nangoja hapa tangu asubuhi, mbona hawanilipi?"

Wateja wa meza ya pili wakacheka. Baba akaweka vijiti chini. Akasimama! Katikati ya duka, kati ya jokofu na meza yetu, baba yangu ambaye hata kwenye harusi haimbi. Akasema, hapana, tazama. Anasimama hivi. Akasimama. Akakosea mguu, akaurekebisha, maana anaikumbuka hatua kwa hatua. Nafasi ya tisa kamili. Mama mwenye duka kasimama, birika mkononi. Wale wa meza ya pili wameacha kutafuna.

Nikainamia daftari. Siwezi kutazama.

Sasa kaketi. Mama mwenye duka kasema kwa sauti ndogo, mzee, mumewe anarudi? Baba kasema sikwambii, njoo kesho. Halafu akanielekezea kidevu: usimsumbue, anajifunza maneno yake.

"Si umesema hana maneno?" mama mwenye duka kauliza.

Baba kafikiri. Katazama daftari, kurasa zote hizi nilizojaza tangu tuketi, kisha kanitazama mimi. Bakuli lake ni tupu.

"Labda kesho anayo," amesema. "Mwanangu. Kesho unasema nini pale?"

Anangoja. Na mama mwenye duka anangoja, na wale wa meza ya pili. Maadamu kalamu inatembea wanadhani nasoma, wananiacha. Nikiiweka chini tu, itabidi niseme. Mkono umeanza kuuma. Naandika neno moja zaidi, na jingine,