Spika Mpya ya Fidelis

Jumanne, Igowole

Spika mpya ni nzima kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.

Tangu Pasaka Fidelis wangu analalamika amplifaya ya gitaa imefifia, sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Nikamwamini. Nisimwaminije? Nani katika kwaya ya parokia ana masikio kama yale? Soprano mmoja akiteleza, mwanangu keshainua kichwa. Kina mama wenzangu nimewachosha kwa kumsifia, na sijatubu.

Leo fundi kamfungia spika mpya ndani ya amplifaya hiyo. Fidelis akagusa uzi mmoja tu wa gitaa, kuku wakatimka, mimi nikaziba masikio.

“Mama, bado haisikiki,” akasema. “Huyu fundi katuletea mbovu.”

Fundi akaniangalia. “Mama Fidelis, mbona spika…” Nikamkanyaga mguu anyamaze.

“Kweli, baba, mbovu hiyo,” nikamwambia mwanangu. Ikabidi nirudie kwa kupaza sauti.

Si spika. Ni masikio yake, na mimi ndiye nitakayemwambia. Kesho nampeleka hospitali, Tosamaganga. Nimemdanganya kwamba naumwa mimi, anisindikize. Njiani nitaanzaje…

Sasa hivi yuko sebuleni. Kaifungua tena ile spika mpya, anaimulika kwa simu, anatafuta ilipochanika.