Bushi Zilizochanika Upande Mmoja

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, na kabla ya tatizo lenyewe nikueleze mlio ambao haujanitoka masikioni: "ko", mara moja tu, chini ya kiti cha nyuma, mkavu kama kidole kinachobisha mlango wa mbao, tulipovuka tuta la hospitali mimi na mama, na mama aliyekaa pale nyuma na mto kiunoni akasema, "Mfungulie basi, mgeni amebisha hodi," tukacheka, ila kwenye kioo nilimwona akiuma mdomo. Mama alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka jana na mara mbili kwa wiki nampeleka mazoezini kwa gari letu, ambalo umri wake na wangu unakaribiana, na mlio ule ulikuwa wa bushi za nyuma, yaani vile vipande vya mpira vinavyokaa kati ya chuma na chuma ili gurudumu lipande na kushuka bila kugonga. Zilizokuja na gari zilidumu zaidi ya miaka ishirini. Zilizofuata zilidumu miezi mitano, na zilizofuata hizo minne.

Fundi wetu ni mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alipozitoa zile za mara ya pili alizitupa mezani akasema, "Feki!" Kisha akaenda nazo mpaka mtaa wa pili kwa mzee anayeuza spea, rafiki yake tangu ujanani, wanaoitana pacha, na mimi nikamfuata mbio. Mbele ya wateja akamwambia, "Unataka kumvunja dada yangu mgongo mara ya pili?" Yule mzee akajibu taratibu, "Pacha, mpira huu huu nakuuzia tangu tukiwa na nywele." "Basi ulikuwa mwizi tangu una nywele!" Watu waliangua kicheko, lakini wao wawili hawakucheka, na huu ni mwezi wa pili hawasalimiani, na gari linatembea na jozi ya kuokoteza aliyoifunga kwa muda, nayo imeshaanza kubisha.

Sasa mimi kazi yangu ni maabara, napima maji, na kitu kisichonielea hakinipi usingizi, kwa hiyo nilizitoa bushi zote nne, zile jozi mbili zilizokufa mapema, kwenye pipa la taka la gereji, nikaziosha kwa sabuni, nikazipanga dirishani, nikaziangalia asubuhi na jioni mpaka mama akauliza kama zimenichumbia. Zote zimechanika upande mmoja, kwa mshazari mmoja. Mpira mbovu huchakaa ovyo ovyo, huu ulichanika kwa adabu. Nikaikata moja kwa msumeno: ndani mpira mzima, mweusi, ukiubonyeza unarudi. Ndipo nikakumbuka mjomba anavyofunga. Huinua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia kama miguu ya kuku aliyeshikwa mabawa, anakaza boliti mpaka mwisho hali yakiwa hivyo hivyo, halafu ndipo anashusha. Nikafungua kitabu cha gari, kurasa bado zimegandana, kikasema boliti zile zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Maana ukizikaza yakining'inia, ukishusha gari mpira unanyongwa kama nguo inayokamuliwa na unabaki hivyo safari nzima, kama mtu aliyepindwa shingo akiambiwa alale. Mjomba alijifunzia kazi kwenye malori, ambayo nyuma yake hayakujengwa hivi, na za kwanza za gari hili zilifungwa kiwandani.

Mshauri, nichague bushi zipi? Mjomba anataka zile za plastiki ngumu, anasema hizo hata tembo akalie. Na kweli hazitachanika hata akikaza vile vile, kwa sababu zenyewe huzunguka kwenye chuma chake, mlio utakwisha, mjomba atafurahi, na yule mzee atabaki mwizi maisha yake yote, na kila kokoto ya barabarani itafika kwenye uti wa mgongo wa mama. Za kung'oa kwenye gari kuukuu sijui zimetembea wapi. Nikichukua za mpira ataniambia nimeshika upande wa mwizi, na akizifunga kwa mtindo wake tutarudi pale pale. Nikienda gereji nyingine kwa siri, atajua boliti zake zimeguswa kwa kuzitazama tu. Nilipomaliza chuo aliwaambia wageni, "Huyu sasa anajua kila kitu isipokuwa kunidharau." Sijawahi kumsahihisha, na sijui nianzie wapi.

Msomaji wa maabara

*

Mwanangu wa maabara,

Mimi kwenye gari najua mlango na honi, kwa hiyo barua yako niliipeleka kwa fundi wangu. Aliisoma akajikuna kisogo, akasema, "Binti kasema kweli, na mimi pia nilikuwa nakaza hivyo hivyo." Basi hilo limekwisha. Umeandika kurasa mbili kuuliza swali ambalo bushi zilishakujibu dirishani.

Pole kwa mama, na pole kwa kumpenda mtu kiasi cha kuogopa kumwambia neno. Lakini nikukaripie kidogo. Mzee wa watu anaitwa mwizi mwezi wa pili huu, na shahidi wake wa pekee yuko nyumbani anaosha ushahidi kwa sabuni! Unasema unamheshimu mjomba. Heshima gani hiyo ya kumwona anapotea njia ukamwachia aendelee ili asikukasirikie? Kumdharau ni kudhani ukweli utamvunja.

Nunua za mpira, mpya, za kipimo cha gari lako. Mgongo wa mama ndio utakaozikalia, si tembo. Zinunue kwa mzee yule yule, mchana kweupe. Mpelekee mjomba asubuhi kabla mafundi wengine hawajafika, maana aibu ya mtu mzima haitaki watazamaji. Usimsomee kitabu. Mwekee zile kuukuu mkononi, umuulize, halafu ufunge mdomo hata kimya kikikuchoma. Boliti zikazwe gari likiwa chini, nawe uwepo. Mpaka hapo mama asipande gari hilo, mtafutie usafiri mwingine. Na msamaha kwa mzee, usimwombee mjomba wewe. Ulimi uliotukana ndio urudi dukani.

Mshauri

*

Mpendwa Mshauri,

Nimefanya. Nilimwekea zile nne mkononi, nikasema, "Mjomba, mbona zote zimechanika upande mmoja?" Alizigeuzageuza, akazipanga mezani mpaka michaniko yote ikaelekea upande mmoja.

"Nani kakwambia?"

"Zenyewe, mjomba. Na kitabu cha gari."

"Kitabu," akasema. "Miaka yote hii nakifuta vumbi tu." Akalitazama gari, kisha tumbo lake. "Likiwa chini siingii. Tumbo hili ndilo lililokuwa linaning'iniza magurudumu."

Tukalipandisha juu ya mbao nne nene, magurudumu yamekanyaga, akateleza chini yake juu ya boksi lililofunuliwa, mimi nikimpa spana. Alipomaliza kukaza aliuliza kutoka huko huko chini, bila kuonyesha uso, "Hizi umenunua wapi?"

"Kwa pacha wako."

"Anasemaje?"

"Aliuliza tu mgongo wa mama unaendeleaje."

Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwapo. Akasema atakwenda kumwona wiki ijayo, wiki hii ana kazi nyingi. Gerejini hapakuwa na gari jingine hata moja.

Nikamwambia twende tukalijaribu barabarani. Akakaa kiti cha mbele, amegeuza sikio nyuma, anasikiliza kila shimo. Nikakata kona ya mtaa wa pili, nikasimama mbele ya duka. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafungua.

"Shuka, mjomba."

"Na ovaroli hii?"

"Na hiyo hiyo."

Alinitazama sana, macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu aliyenilea. Kisha akashuka. Nami nikaliondoa gari kabla hajageuka.