Mama Mkwe Asema Mchuzi Wangu Unamuunguza

Mpendwa Dada Labanya, shikamoo. Nisaidie, maana nyumba yangu ina heri na mimi mwenyewe nakaribia kuichafua. Nimeolewa hapa Nalbari mwaka wa sita, mume wangu Pranab hana neno, na mama mkwe alinipokea kama mtoto wa tumbo lake, tukipika tunaimba mpaka majirani wanadhani tuna sherehe, lakini tangu mavuno yaliyopita kila nikiandaa wali na mchuzi wa samaki anaonja kidogo, anashika shavu, ananiambia mbele ya watu, "We mwanangu, leo umepika au umewasha tanuri?", nikapunguza pilipili, nikaiacha kabisa, bado namuunguza, na kashata za nazi za mviringo ambazo zamani alizirusha kinywani nzimanzima sasa anazimega vipande vinne kama bibi harusi anayetazamwa, nami nikaona ni dharau tu, kwani tambuu yake na tumbaku anatafuna kutwa, na hata akilala popoo imo shavuni.

Dada, shetani alinipitia. Jumapili nilimtilia nusu ya ile pilipili yetu kali kuliko zote, ili angalau alalamike kwa haki, akatokwa na machozi, akaachama kidogo nimpulizie, nikaona ndani ya shavu la kushoto pana weupe, nikamwambia, "Mama, sukutua, chokaa ya tambuu imekuganda," akasukutua, haikutoka, akacheka, "Iache, imeshahamia." Pranab ameijua ile pilipili, tangu siku hiyo hanisemeshi. Je, niombe kila mtu apike chungu chake, au nitakuwa nimeivunja nyumba?

Bhanita, Nalbari

Marahaba, Bhanita. Nimekucheka kwanza, kisha nikaacha kucheka. Pilipili ile kwa mtu mzima! Ungekuwa karibu ningekufinya. Kamwombe radhi leo, umwambie ulichofanya bila kupindisha, halafu habari za vyungu uzisahau, kwa sababu mapishi yako hayana kosa. Kinachoungua ni kinywa chake.

Chokaa hutoka kwa maji. Weupe uliokataa kutoka si chokaa. Sisi watu wa tambuu ndipo tunapojidanganya: pekundu tunasema ni popoo, peupe tunasema ni chokaa, mpaka shavu linakuwa gumu. Shangazi yangu nilimwambia maneno hayohayo uliyomwambia mama mkwe, nikamzika, na bado inaniuma. Huyo mama hamegi kashata kwa maringo, mdomo haufunguki. Mwambie aingize vidole vyake vitatu kati ya meno, kimoja juu ya kingine, na visipoingia ni dalili mbaya. Nawa mikono, mpapase ndani ya shavu kama kuna uvimbe au pagumu, tazama chini ya ulimi, shika na shingo. Kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona ni cha daktari, hata kama hakiumi. Vya mwanzo mara nyingi haviumi.

Sisemi ana saratani. Mimi si daktari. Huenda ni dalili zinazoitangulia tu, na ikiwahiwa mapema watu wengi hutibiwa, wakarudi kuimba jikoni. Ila tambuu, popoo na tumbaku aache vyote, na wewe uache, maana hukusema kama unatafuna, na mimi nawajua watu wa Nalbari.

Kwenda kwa daktari atakataa. Atakuuliza daktari wa meno wa nini, na meno yenyewe yamebaki tisa. Usibishane naye, humuwezi. Itoe ile sinia ya shaba yenye mguu, ya maombi mazito, ambayo ikiwekwa mbele ya mtu hawezi kukataa bila kuaibika. Isugue ing'are. Tambuu tunayoiweka juu yake siku zote usiweke. Weka karatasi ya miadi ya daktari, tarehe ya wiki hii hii. Mwite Pranab, mpige magoti wote wawili mbele ya mama yenu, na msiinuke mpaka aitikie.