Kitete Chako na Neno "Keep"

Mama yangu mpendwa,

Leo gredi ya tano wamefika kwenye neno lako. Niliandika "keep" ubaoni, nikawauliza maana yake. Mvulana wa nyuma akapaza sauti: "Keep quiet!" Darasa likacheka, kwa kuwa ndicho Kiingereza wanachokisikia kwangu kila siku. Nilicheka pia, kisha nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu. Nilikuwa nimekuona wewe, umekaa kwenye kigoda chako Ndithini, ukipukuchua mbaazi.

Ulikuwa umetoka darasa la ngumbaru kanisani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule, nakusaidia kazi ya nyumbani kama mwalimu mkali.

"Mwaitu," uliniambia. Uliniita hivyo daima, yaani "mama yangu", kwa sababu nilipewa jina la mama yako. "Leo tumepewa neno keep. Mwalimu anasema ni kuweka. Kama kuweka sufuria chini?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni put."

"Sasa hii ni kuweka gani?"

Nikakueleza. Ukifuga kuku, unawa-keep. Ukinyamaza, ume-keep quiet. Siri nayo huwekwa hivyo hivyo, na ahadi. Mtu akikuachia chenji sokoni Kithimani atakwambia "keep the change". Na ukienda bila kusimama, "keep going".

Ulicheka mpaka mbaazi zikamwagika mapajani. "Neno moja, kazi zote hizo? Hilo si neno, ni punda wa maji!"

Kisha ukaangalia juu ya meko, pale kitete, kibuyu chako cha mbegu, kiliponing'inia kwenye moshi, kimezibwa kwa gunzi. Ukasema polepole: "I keep seed." Nikakupigia makofi. Lakini hukuwa umemaliza.

"Na ile nusu ninayompatia Mama Mwikali kila msimu, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni give, Mama."

"Aiee. Hiyo pia ni keep."

Nilikwambia mwalimu atakukosoa. Ukasema basi mwalimu hajawahi kupanda nzavi, maharagwe yetu ya njahi, huku kwetu. Jua likiunguza shamba lako, ulisema, mbegu iko kwa jirani. Na likiunguza la jirani, iko kwako. Mbegu haiwekwi nyumba moja. Mimi nilikuwa na haraka ya kuendelea na neno lililofuata.

Mama, tangu tukuzike sijaziona nzavi kama zako mahali popote, zile nyeusi zenye mstari mweupe na madoa ya kahawia. Unakumbuka mara ya mwisho ulipozitia majivu? Ulikuwa umeshaugua. Nilitaka kukusaidia, ukanizuia, ukachanganya mwenyewe kwa vidole vyako, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Baada ya mazishi nilichukua kitete nikaja nacho mjini, nikakiweka juu ya kabati katika chumba changu cha kupanga. Mvua ikaja, ikapita. Sikupanda. Ningepandaje? Mle ndani mlikuwa na kitu cha mwisho ulichogusa, nami sikutaka kukichokoza.

Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani. Mama Mwikali alinikuta mlangoni.

"Mwalimu wetu! Umekonda hivi, ama mjini mnakula chaki?" Kisha sauti yake ikashuka. "Jua lilikula zangu zote. Hata za kupika sikupata. Za mama yako ziko?"

"Ziko. Nimeziweka."

"Umeziweka, ama umezifanya picha ya ukutani?"

Nilimchukia siku nzima. Hata hivyo, niliporudi mjini nilikishusha kitete nikazibua gunzi. Harufu ya jiko lako ilinijia usoni, nikaketi sakafuni. Nilipojikaza kumimina, niliona tundu dogo katika punje moja, halafu katika nyingine. Wadudu walikuwa wameanza. Nilielewa kwamba nikiendelea kukutunza hivi, nitabaki na vumbi.

Jumamosi nilimpelekea Mama Mwikali nusu, kwenye ungo wako. Alizipokea kwa leso, kwa mikono miwili, akazitazama bila utani wowote.

"Hizi si zangu," alisema. "Nakuwekea."

Nusu nyingine niliipanda mwenyewe nyuma ya jiko lako, kabla ya mvua ya Oktoba. Zilichipua vizuri, Mama. Nilikuwa nakwenda kila mwisho wa juma kuzitazama zikipanda ua. Kisha mbuzi wa kina Mutua wakaingia mchana mmoja, nami niko darasani. Hawakuacha hata shina. Niliposimama pale nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia kaburini. Nilijiona mjinga niliyekumwaga ardhini kwa mikono yangu mwenyewe.

Leo, nilipotoka darasani, simu ililia.

"Mwalimu, uko na kazi Jumamosi?"

"Sina, Mama Mwikali."

"Basi njoo na kitete. Zile nilizokuwekea zimekauka. Na usikuje na kibuyu kidogo cha mfukoni, zimezaa kama zimetukanwa!"

Kwa hiyo kesho kutwa nakwenda. Kitete kiko hapa mezani ninapokuandikia. Yale majivu sikuyamwaga, yako chini kabisa, na mbegu mpya nitazitia juu yake. Nitajaza nusu tu. Nusu nyingine itabaki kwa Mama Mwikali, nami sitamwambia nampa.

Ubaoni leo, chini ya kuku na siri na chenji, niliandika sentensi yako pia. Hakuna aliyeikosoa.

Lala salama, Mama. Mvua imetufikia.

Ni mimi binti yako,
uliyemwita mama.